Ijumaa za Kuandikiana na Mpiga Chapa

Swali la mwisho la dodoso ndilo lililonichekesha. Liliuliza kama mimi, mwanafunzi wa ushauri nasaha, nilikuwa tayari kumhudumia mteja kwa kompyuta, bila kuonana naye. Chini yake palikuwa na visanduku viwili, "niko tayari" na "siko tayari", na mistari mitatu ya kueleza sababu. Niliweka alama kwenye kisanduku cha pili palepale. Kwenye mistari nikaandika kwamba mtu hapewi pole kupitia kioo.

Dodoso hilo alitupa mwalimu wetu wa ushauri, mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje ya nchi. Huko alikuta watu wanaoandikiana na washauri wao kwenye kompyuta, na jambo lile halikumtoka kichwani. Alitaka kujua sisi wanafunzi wake tungelipokeaje. Alitugawia dodoso siku ya kutoka chuoni Mwanza kwenda mafunzo kwa vitendo, yale tuliyoyaita fildi, akatuambia tulirudishe pamoja na ripoti ya katikati, vyote vikiwa vimepigwa chapa.

Mimi nilipangiwa Bariadi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa Nyashimo, mkulima kwa kuzaliwa. Wakati ule Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, na hakuna aliyelijua neno Simiyu ila kama jina la mto. Soko huria lilikuwa limeshika kasi. Pamba, ambayo utotoni mwangu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, sasa ilikuwa na wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na mizani yake na turubai lake kando ya barabara. Kampuni za simu za mkononi zilikuwa zinasimamisha minara. Maduka yaliuza vitu ambavyo mama yangu alikuwa akiviita "vya Nairobi", hata vilipokuwa vimetoka Dar.

Nilipewa chumba kidogo hospitalini, chenye meza, viti viwili na pazia la kijani. Wengi walioletwa kwangu walikuwa watu wanaosubiri majibu ya damu. Wachache walikuwa wale ambao daktari amewapima kila kitu asione ugonjwa.

Wiki yangu ya pili, asubuhi, alisimama mlangoni mzee mmoja mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, hadi cha shingoni. Mkononi alikuwa na karatasi ya daktari. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu. Kwetu hata msichana huitwa mayu, yaani mama, na anayekuita hivyo amekuheshimu.

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae."

"Mshauri yupo?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama, akakitazama kiti kilichokuwa mbele yangu, akaikunja karatasi yake mara mbili.

"Basi nimekosea mlango," alisema, akaondoka bila haraka.

Muuguzi niliyefanya naye kazi alikuwa amemwona. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba huyo ni mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Mkewe alifariki mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo kila akitaka kuanzisha wimbo sauti inakatika. Amekunywa asali, amekunywa tangawizi, amepimwa koo, hakuna kitu. Haikuwa haki muuguzi kunieleza, lakini Bariadi ya wakati ule ilikuwa ndogo, na mambo ya mtu yalimtangulia kufika.

Nilimkuta tena yule mzee nilipokwenda kupigisha chapa ripoti yangu. Mjini palikuwa na duka la stesheneri la mfanyabiashara mmoja kutoka Kondoa, Mwislamu mcheshi aliyeuza madaftari, akatoa fotokopi, na kuanzia mwaka ule akawa na kompyuta mbili zenye intaneti iliyopita kwenye waya wa simu. Kompyuta moja ilielekea ukuta wa kulia, nyingine ukuta wa kushoto, hivyo wanaozitumia walipeana migongo. Mzee alikuwa mpiga chapa wake. Alikuwa amepiga chapa kwenye ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye taipureta, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukapunguza watu. Nilimtazama akifanya kazi. Vidole vyote kumi vilicheza, macho hayakushuka kwenye vibonye hata mara moja. Alikuwa ameitoka taipureta akaingia kwenye kompyuta kama mtu anayehama chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hakuna aliyetaja hospitali. Nilikaa pembeni yake kwenye benchi, yeye akapiga chapa kurasa zangu, halafu akafika kwenye majibu ya dodoso. Vidole vikasimama.

"Hapa umeandika hauko tayari. Niache hivyo hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Akaandika. Akasimama tena.

"Mtu akikuandikia barua, humjibu?"

"Barua ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

"Barua haina haraka," nilisema.

"Hii nayo haina haraka. Wewe hujauona mtandao wa hapa." Alisema bila kucheka, mimi ndiye niliyecheka. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye kioo, "Na kama ni mtu asiyeweza kukaa mbele yako? Tuseme umri wake ni wa baba yako."

"Angetafuta mshauri mtu mzima."

"Hapa Bariadi yupo?"

Hakuwepo. Nilijua, naye alijua. Akamaliza kuandika maneno yangu kama nilivyoyaandika, pasipo kubadilisha hata nukta, akayachapisha. Siku hiyo hiyo akanifungulia anwani ya barua pepe, ya kwanza maishani mwangu, ili niweze kumtumia mwalimu wangu taarifa bila kusubiri posta.

Nilirudi Ijumaa iliyofuata, mchana. Mwenye duka alikuwa anatoka kwenda msikitini. Siku ya Ijumaa alifunga upande mmoja wa mlango, akamwachia mzee duka, na kwa muda wa saa nzima wateja walikuwa wachache. Nilikaa kwenye kompyuta ya kulia. Mzee alikuwa kwenye ya kushoto, nyuma yangu, hatua mbili tatu hivi. Nilifungua barua pepe nikitarajia neno kutoka chuoni. Nilikuta hili:

"Ni mimi niliye nyuma yako. Tafadhali usigeuke. Nilikosea mlango makusudi. Siwezi kumlilia mtoto wa rika la binti yangu, tena uso kwa uso. Lakini kuandika naweza. Ukiona si sawa, funga kompyuta uende, nami nitakusalimu kesho kama kawaida."

Nakumbuka nilitazama kidirishani, mahali ambapo mtu alikuwa anapita na baiskeli iliyopakia magunia ya choroko. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kumkaribisha mteja, namna ya kukaa, umbali wa kiti, kumtazama bila kumkazia macho. Kati ya hayo yote hakuna lililonifaa. Pia, nikiri, nilisisimkwa. Nilitaka sana kujua kama jambo kama lile linawezekana.

Nilimwandikia kwamba sitageuka. Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, kwamba nina mwalimu anayenisimamia, na kwamba nitamweleza habari zake bila jina wala dalili ya kumtambulisha. Nikabonyeza. Baada ya dakika kadhaa kiti kikalia nyuma yangu, halafu vibonye.

"Nimekubali," aliandika.

Nilimwuliza mwenye duka siku nyingine barua hizi hupita wapi. Akaniambia ikitoka kwenye ile kompyuta kwanza inakwenda Ulaya, ndipo inarudi. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini niliamini, na niliwaza sana juu ya maneno ya mjane wa kiume wa Bariadi yanayokwenda Ulaya na kurudi ili kunifikia mimi ambaye ningeweza kumpa kalamu bila kunyanyuka kitini.

Ijumaa mbili ziliendelea hivyo. Aliandika juu ya ushirika, juu ya wimbo wa kwanza aliowafundisha wanakwaya, juu ya mkewe aliyeimba sauti ya pili. Niligundua kitu ambacho hakikuwa katika somo lolote. Nilimsikia. Alipoandika habari za ofisini vibonye vilimiminika kama mvua juu ya bati. Alipofika kwa mkewe vilidondoka kimoja kimoja.

Ijumaa ya tatu aliandika kwamba watu wa kanisani humletea asali mpaka chupa zimejaa dirishani, naye huwashukuru, akijua kwamba koo lake halina kitu. Nilimjibu haraka. Nilimwandikia, "Pole sana baba. Najua unavyojisikia."

Jibu lilikuwa neno moja. "Hujui."

Mteja aliingia kutaka fotokopi ya cheti. Mzee aliinuka akamhudumia, na hakurudi kwenye kiti. Ijumaa iliyofuata hapakuwa na barua. Jumatatu nilipita dukani kununua karatasi, tukasalimiana, akaniambia mvua za mwaka huu zimechelewa. Nilisema ni kweli. Nilitoka nikiwa nimebeba karatasi nisizozihitaji.

Wiki hiyo hiyo tuliitwa chuoni Mwanza kwa kikao cha katikati ya fildi. Mwalimu alikuwa amesoma madodoso yote. Wengi wetu tulikuwa tumekataa. Mmoja aliandika kwamba hajui kompyuta na ataaibika mbele ya mteja. Mwingine alihofu kwamba mteja anaweza kutoweka katikati ya mazungumzo na yeye asijue kama yu hai. Waliokubali, tulipowauliza kwa nini, walisema kwa sababu ndiko dunia inakokwenda, wala hawakuwa na la zaidi. Mwenzetu aliyepangiwa Malampaka, dada mmoja wa maneno machache, ndiye aliyeuliza.

"Na mama zetu wasiojua kusoma? Wao tutawaandikia nini?"

Mwalimu aliugeukia ubao akaliandika swali zima, neno kwa neno. Akaliacha pale hadi kikao kikaisha.

Nilimfuata ofisini baadaye nikamweleza yote, bila jina. Alinisikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi. Hakunigombeza kwa kuanza bila ruhusa, ingawa aliniambia wazi kwamba nilipaswa kumpigia simu kwanza. Zaidi aliuliza. Nani anaweza kuisoma barua ile baada yetu? Mzee huandika maneno mangapi kwa mara moja? Hukaa kimya muda gani? Mimi mwenyewe, wakati wa ukimya, huwa nafanya nini?

"Nasubiri," nilisema. "Nasikiliza vibonye."

"Hilo neno la 'najua', ungemwambia angekuwa mbele yako?"

"Huenda ningemwambia. Lakini ningeuona uso wake, nikajirekebisha kabla halijamaliza kumwumiza."

"Basi mwambie hivyo," alisema. "Mwambie usichokiona, umwombe akuonyeshe kwa maneno."

Nilirudi Bariadi Alhamisi, na kesho yake nikaenda dukani. Mwenye duka alivuta upande mmoja wa mlango, akaenda zake. Niliandika: "Baba, ulisema kweli, sijui. Nisamehe. Mimi sikuoni, na nilijibu kama ninayekuona. Ukipenda kuendelea, uwe unaniambia na mwili wako ukoje, ili nisikosee tena. Nami nitakuambia wangu. Sasa hivi viganja vyangu vimelowa jasho."

Nilibonyeza, nikaweka mikono magotini. Mtandao ulikatika. Sauti ya modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, ikaanza upya, ikapiga kelele zake, ikanyamaza, ikaanza tena. Nyuma yangu mzee alikohoa. Nilikuwa na hakika kwamba barua imepotea njiani. Halafu kiti kikasogea.

"Mikono yangu imekufa ganzi," aliandika. "Naendelea."

Vibonye vilidondoka polepole kuliko siku zote. Aliandika kwamba miezi miwili kabla ya mkewe kufa, kwaya ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu. Sauti ya pili ilikuwa inashuka. Alisimamisha wimbo mara tatu, na mara ya tatu akamnyooshea mkewe kidole mbele ya watu wote akamwambia kama hawezi kushika sauti akae na watoto. Mkewe alikaa na watoto. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba pumzi zilikuwa zinamwishia, kwamba maradhi yalikuwa yameshaingia kifuani. "Mimi ndiye mwenye masikio," aliandika. "Kila mtu hunisifu masikio. Nilisikia sauti inashuka, sikusikia kwa nini. Kila nikifungua kinywa niwaanzishie, namwona amekaa kwenye benchi la watoto."

Wakati huo huo aliingia baba mmoja aliyetaka fomu ipigwe chapa. Nilimsikia mzee akipenga kamasi, akisema, "Karibu, ndugu yangu, subiri kidogo." Sikugeuka. Sikuwa nimewahi kusikia jambo gumu hivyo bila kumtazama anayelisema, na hadi leo sijui kama macho yangu yangemsaidia au yangemnyamazisha.

Nilikaa na barua ile wiki nzima. Nilitamani kumwandikia kwamba hakukosa, kwamba mkewe alishamsamehe. Lakini hilo nalo sikulijua. Kwa hiyo Ijumaa niliuliza swali: siku ile walikuwepo nani wengine, na je, amewahi kuzungumza nao?

Hakuwahi. Ilimchukua wiki mbili kwenda. Alimwendea mwimbaji wa sauti ya pili, mama wa makamo aliyekuwa rafiki wa mkewe, akamkuta uani anapepeta dengu. Barua aliyoniandikia baadaye ilikuwa ndefu kuliko zote, na vibonye vyake nilivisikia vikienda kwa mwendo wa kawaida, si mvua wala matone.

"Nilimwuliza kama anakumbuka. Alisema anakumbuka sana. Nilimwuliza kama ilimwumiza mke wangu. Alisema ndiyo, ilimwumiza, alilia njia nzima mpaka kwenye daraja. Alisema, shemeji, nisikudanganye. Halafu akasema kesho yake walikwenda wote kisimani, na mke wangu akamwambia, yule mzee masikio yake hayajui mke wala mgeni, siku ya kiama atamsahihisha malaika. Akacheka mpaka akakohoa. Nimelia hapo uani kwa watu, na dengu zao. Nilikuwa nataka aniambie hakuumia. Hakuniambia hivyo. Lakini lile la malaika ni lake kabisa, hakuna mwingine angelisema."

Nilimwuliza mwili wake ukoje. Aliandika, "Nina njaa." Nilicheka kwa sauti, na nyuma yangu nikasikia pumzi fupi puani, ambayo nadhani ilikuwa kicheko.

Hakupona kwa siku moja. Kuna Ijumaa aliandika mistari miwili tu. Kuna Ijumaa umeme haukuwepo, tukakaa kila mmoja kwenye kiti chake, mgongo kwa mgongo, kompyuta zimezima, mpaka mwenye duka aliporudi kutoka msikitini na kutuuliza tunangoja nini. Mzee alimjibu kwamba tunangoja umeme, na hakuwa amesema uongo.

Jumamosi moja alasiri, nikitoka sokoni, nilipita karibu na kanisa lao. Kwaya ilikuwa nje, chini ya ukuta wenye kivuli. Mzee alikuwa mbele, mkono juu. Aliyeanzisha wimbo alikuwa msichana mmoja wa sauti ya kwanza, naye mzee akauongoza kwa mkono. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikijitahidi kuona kama midomo yake inasogea. Nilikuwa mbali, na lori la pamba likapita kati yetu na vumbi lake.

Fildi yangu iliisha mwishoni mwa msimu. Barua yake ya mwisho ilinipa ruhusa ambayo sikuwa nimeiomba. Aliandika kwamba ikiwa siku moja nitataka kuwaeleza wengine tulivyofanya, nieleze, ila nisitaje jina lake, wala jina la mkewe, wala wimbo. Nimengoja miaka mingi. Yeye amekwisha kututangulia.

Siku ya kuondoka nilikwenda dukani kuaga. Mwenye duka alinipa kalamu mbili za zawadi, akanitakia safari njema. Mzee aliinuka, akachukua begi langu bila kuuliza, akasema atanisindikiza mpaka kituoni. Tulikuwa hatujawahi kutembea pamoja. Tulikwenda kando ya barabara, mbele yetu pamba iliyodondoka kwenye malori imeshikana na nyasi, na hatua za kwanza hatukusema lolote zaidi ya habari za basi.

Tulipopita mashine za kusaga, akaanza kuongea, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo.

"Mke wangu alikuwa hawezi kushika mpangilio wa beti," alisema. "Akipalilia pamba ataimba ubeti wa tatu, halafu wa kwanza, halafu wa tatu tena. Nilikuwa nikimrekebisha kutoka tuta la pili, yeye anaongeza sauti."

"Na wewe unafanyaje?"

"Naendelea kupalilia. Ningefanyaje?" Alihamisha begi mkono wa pili, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mayu."

"Wabeja, baba."

Basi lilikuwa halijafika. Tulisimama kivulini pa kibanda cha tiketi, nikamwuliza ubeti wa pili ulikuwa na kosa gani hata mkewe akawa anauruka. Akafikiri. Akasema hilo hajawahi kujiuliza, na kwamba atakaporudi nyumbani atautafuta kwenye daftari lake ausome.